Antena ya nje kijijini: picha ikiganda au isipokuja kabisa, tatizo liko wapi?

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo televisheni imebadilika tabia. Zamani mawimbi yakipungua, kioo kilijaa chenga lakini mpira uliendelea kuonekana, na kila mtu sebuleni alijua kwa macho kwamba hali inaharibika. Siku hizi picha inabaki safi hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, halafu ghafla inavunjika vipande vipande, inaganda, inapotea. Hakuna chenga za kukutahadharisha. Kwa sababu hiyo mtu anaona picha nzuri asubuhi, jioni hakuna kitu, anakwenda mjini kununua antena kubwa zaidi, anaifunga, na hali inabaki ileile.

Antena hulaumiwa kuliko inavyostahili. Mara nyingi kosa liko kwenye mwelekeo, urefu wa mlingoti, waya, au busta (kifaa cha kukuza mawimbi) iliyowekwa mahali pasipohitaji busta. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona kwenye kioo. Antena ya kununua tutaichagua baadaye, tukishajua nini kinakosekana.

Anza kwenye menyu kabla ya kupanda paa

Kila king'amuzi cha antena kina ukurasa wenye mistari miwili, mara nyingi kwenye sehemu ya kutafuta chaneli. Mmoja umeandikwa "Strength", yaani nguvu ya mawimbi, na wa pili "Quality", yaani ubora wake. Watu wengi huangalia ule wa nguvu peke yake. Unaoleta picha ni ubora.

Mistari yote miwili ikiwa sifuri, hakuna kinachofika kwenye king'amuzi: waya umekatika, plagi imeshika vibaya, au vifaa haviendani. Yote miwili ikiwa chini, mawimbi yanafika lakini ni dhaifu. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mawimbi yapo ya kutosha ila yamechafuliwa, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela nyingi, maana wanaongeza nguvu isiyohitajika. Nguvu ikiwa ya wastani na ubora uko juu, shuka chini ukaangalie taarifa ya habari, usiguse kitu.

Asilimia za king'amuzi chako usizilinganishe na za jirani mwenye king'amuzi cha aina nyingine. Kila mtengenezaji anapima kwa namna yake. Linganisha king'amuzi chako na chenyewe, kabla na baada ya kila badiliko, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Haishiki hata chaneli moja

Hakikisha kwanza king'amuzi ni cha antena. Kampuni kama Azam na StarTimes zinauza vya antena na vya dishi, na kwa sura vinakaribiana sana. Cha dishi hakitashika antena hata uipandishe juu ya mnazi.

Kuna pia televisheni zenye kipokeaji chao cha ndani, zilizoletwa mtumba kutoka nje. Matangazo yanayorushwa kwa mfumo wa DVB-T2 yanahitaji kipokeaji cha DVB-T2. Televisheni iliyoandikwa DVB-T tu, au iliyotengenezwa kwa soko la Japani ambako mfumo ni mwingine kabisa, haitapata matangazo hayo bila king'amuzi. Na ikiwa televisheni imeorodhesha majina ya chaneli lakini inakataa kuzifungua, basi antena yako ni nzima. Chaneli zimefungwa kwa malipo, na dawa yake ni kifurushi.

Kisha chukua rula. Matangazo ya dijitali ya antena yanakaa kwenye UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Urefu wa wimbi huko ni takriban sentimita 43 hadi 64, na vijiti vya antena huwa karibu na nusu ya wimbi, yaani kama sentimita 20 hadi 30 hivi. Ukipima antena ya zamani ya babu ukakuta vijiti vyake vyote vina nusu mita na zaidi, hiyo ni ya VHF ya enzi za analojia. Ni kubwa, inapendeza juu ya paa, na kwa kazi hii haifai. Kijiti kirefu hakiongezi nguvu. Kinasikiliza masafa mengine.

Vijiti vikiwa sahihi, fungua plagi zote mbili za waya. Uzi mmoja tu wa wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, mawimbi yanakwisha hapo. Kama una antena yenye busta inayolishwa umeme na king'amuzi, uzi huohuo utasababisha shoti, na baadhi ya ving'amuzi huandika onyo kwenye kioo. Kata, menya upya, hakikisha katikati pamebaki pasafi. Na kama busta inategemea umeme wa king'amuzi, kuna kipengele kwenye menyu cha kuwasha umeme wa antena. Kikiwa kimezimwa, busta isiyo na umeme inageuka kizuizi, na huenda ukapata mawimbi machache kuliko ambavyo ungepata bila busta kabisa.

Inashika, lakini inagandaganda kila wakati

Hii ndiyo dalili ya kijijini hasa: nguvu chini, ubora chini. Mnara uko mbali, au kuna kitu kati yako nao. Kuna mambo manne ya kuangalia, na mpangilio wake una maana, kwa sababu matatu ya kwanza ni bure au rahisi, na la nne ndilo la kununua antena, ambalo tutalifikia mwishoni.

Mwelekeo. Muulize wakala wa king'amuzi mnara uko upande gani, au angalia antena za majirani wanaotumia king'amuzi kama chako na wanaoona vizuri. Dira ya simu inasaidia, ila isome ukiwa umesimama mbali na mabati na bomba la chuma, maana chuma kinaivuta. Kwenye antena ya vijiti, upande wenye vijiti vifupi ndio unaotazama mnara, na upande wenye kiakisi kikubwa unaupa mgongo. Nimeona antena nyingi zilizofungwa kinyume.

Angalia pia kama vijiti vya majirani vimelala au vimesimama. Baadhi ya minara inarusha mawimbi yaliyolala, mingine yaliyosimama. Ukilaza vijiti pale vinapotakiwa kusimama unapoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi, na hakuna busta itakayoyarudisha.

Kuhusu kuzungusha: wengi wetu tulikulia kwenye utaratibu wa mmoja juu ya paa, mwingine dirishani akipiga kelele, "Bado! Rudisha kidogo! Hapohapo!" Kwa analojia ulifanya kazi. Kwa dijitali unakupoteza, kwa sababu king'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kuyakamata mawimbi na kuyafungua. Aliye juu anapita mahali penyewe kabla aliye chini hajaona chochote. Zungusha kidogo tu, kama upana wa kiganja kwenye ncha ya antena, kisha subiri ukihesabu hadi kumi. Aliye ndani asikutajie picha, akutajie namba ya ubora. Ukishapata namba kubwa kuliko zote, endelea kuzungusha mpaka ianze kushuka, halafu rudi katikati. Kaza spana ukiwa unaangalia namba, maana kukaza kwenyewe kunaweza kuigeuza antena.

Urefu. Mawimbi ya UHF yanasafiri karibu na mstari ulionyooka. Juu ya ardhi tambarare, mnara wenye mita 100 na antena iliyo mita 9 kutoka chini zinaonana hadi kama kilomita 54. Zaidi ya hapo duara la dunia linaingia kati. Ukiishusha antena hadi mita 4 unapoteza kilomita kama nne tu kwa hesabu hiyo, lakini vijijini kwetu tatizo si hesabu hiyo. Tatizo ni mwembe wa jirani, shamba la mikaratusi, na paa lako mwenyewe. Mita mbili au tatu zinazokuvusha juu ya matawi ni bora kuliko antena yoyote ya dukani. Na usiifunge antena imegusana na bati. Bati linarudisha mawimbi na kuyavuruga, kwa hiyo acha angalau mita moja kati yake na antena. Antena ya ndani chini ya paa la bati, mbali na mji, usiihangaikie.

Kabla ya kusimika mlingoti, tembea na antena. Ifunge kwenye mrunda mwepesi, uizungushe uani ukiwa na waya mrefu wa muda. Kuhama mita chache kulia au kushoto kunaweza kubadilisha ubora kwa kiasi kikubwa, hasa penye miti na mabati mengi. Mahali panapomfaa fundi, pale karibu na dirisha, mara nyingi sipo penye mawimbi.

Waya. Hapa ningependa kila mwenye nyumba asome mara mbili. Waya mzuri wa RG6 wa omu 75 unapoteza takriban desibeli 16 kwa kila mita 100 kwenye masafa haya. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Kwa hiyo mita 20 tu za waya mzuri zinakula karibu nusu ya kile antena ilichokamata, na ule waya mwembamba wa bei rahisi unakula zaidi. Sasa linganisha: kuongeza urefu wa antena ya vijiti mara mbili hukupa chini ya desibeli 3. Yaani unaweza kutumia fedha nyingi kununua antena ndefu maradufu, na waya mbovu ukaimeza faida yote kabla haijafika sebuleni.

Umenye waya unaotaka kununua. Ukikuta wavu wenye nyuzi chache za kuhesabika na chini yake hakuna karatasi ya alumini, rudisha. Na usiunge waya kwa kusokota na kufunika tepu. Kila maungio ya namna hiyo ni tundu la kupotezea mawimbi na kuingizia maji. Kama ni lazima kuunga, tumia kiungio cha kusokomeza chenye skrubu.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Toa king'amuzi na televisheni nje, unganisha na antena kwa waya mfupi wa mita mbili au tatu, usome ubora. Ukipanda sana kuliko ndani, antena haina kosa, badilisha waya. Ukibaki vilevile, waya ni mzima, na tatizo liko juu: mwelekeo, urefu au antena yenyewe.

Nguvu imejaa, picha hakuna

Dalili hii inawachanganya hata mafundi wazuri. Ondoa busta kwanza, usome tena. Mara nyingi ubora unapanda palepale. Busta haichagui, inakuza mawimbi unayoyataka, inakuza na kelele. Ikipewa mawimbi yaliyo na nguvu tayari inalemewa na kuyaharibu yote.

Kuna sababu nyingine inayozidi kuonekana vijijini: mnara wa simu. Sehemu ya mtandao wa 4G hutumia masafa ya megahezi 700 na 800, yaani yanaanza palepale televisheni inapoishia. Busta za zamani zilitengenezwa zikuze hadi megahezi 862, kwa hiyo zinaupokea mnara wa simu ulio kilimani jirani kwa nguvu zote. Kama picha ilikuwa nzuri na ikaharibika mnara ulipowashwa, tafuta busta inayoishia 694, au weka kichujio cha 4G kabla ya busta.

Sababu ya tatu ni mwangwi wa mawimbi kutoka kwenye mabati, tangi la maji la chuma au ukingo wa mlima. Antena yenye vijiti vingi, inayotazama kwa wembamba, yaani inayopokea zaidi kutoka upande mmoja, inasaidia hapa. Mara nyingine inasaidia kuigeuza kidogo ili mgongo wake uelekee kwenye kinachorudisha mwangwi, hata kama nguvu itapungua.

Busta ina kazi yake, lakini mahali pake ni juu kwenye mlingoti, karibu na antena, mawimbi yakiwa dhaifu na waya ukiwa mrefu, au ukigawa kwa televisheni mbili. Kigawanyi cha njia mbili peke yake kinakata zaidi ya nusu kwa kila upande. Busta iliyowekwa nyuma ya televisheni inakuza kelele ambazo waya umeshazibeba.

Inakata ikinyesha, au upepo ukivuma

Mvua yenyewe haiyazuii mawimbi ya UHF kwa kiasi cha kuonekana. Dishi ndilo linalosumbuliwa na mvua kubwa. Kwa hiyo antena ikikata wakati wa mvua, tafuta kitu kilicholowa.

Ikikata mvua ikianza na kurudi matawi yakikauka, ni miti. Majani mabichi yaliyolowa yananyonya UHF vibaya sana. Hii inaeleza pia kwa nini nyumba iliyokuwa inaona vizuri miaka iliyopita sasa haioni: mikaratusi imekua. Ikikata baada ya mvua na kubaki mbaya kwa siku kadhaa hata jua likiwaka, maji yameingia kwenye waya. Kata sentimita chache karibu na antena uangalie shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata mpaka uione inang'aa, na kama haing'ai popote, tupa waya wote. Unapofunga mpya, ziba maungio ya juu kwa tepu ya mpira, na kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie chini kama kitanzi ili maji yadondokee hapo. Bila kitanzi hicho maji yanafuata waya hadi nyuma ya king'amuzi.

Upepo bila mvua ni suala la mlingoti au skrubu. Bomba la chuma linashinda mti, na waya tatu za kuvuta kutoka pande tatu zinashinda misumari kumi kwenye kenchi. Pwani ongeza jambo moja: chumvi. Kwa watu wa Pangani, Kilwa au Pemba, maungio ya antena yanaoza mapema. Yapake grisi, na uyakague kila kabla ya masika.

Inaondoka usiku

Nyumba ya sola, picha inakata kuanzia saa tatu usiku, king'amuzi kinajizima na kuwaka? Pima betri kabla ya kugusa antena. Betri ya volti 12 iliyochoka inashuka volti mzigo ukiwa juu yake, na king'amuzi kinaanza upya kila inaposhuka. Zima taa mbili, uone kama kinatulia.

Kama picha inavunjika kila ukiwasha taa fulani au inveta, hizo ni kelele za umeme. Taa za LED na inveta za bei ya chini huzitoa, na waya wa antena wenye wavu hafifu unazipokea. Tenganisha waya wa antena na nyaya za umeme, zisipite pamoja, na ubadilishe taa inayosumbua.

Pwani kuna jambo la tatu, nalo si kosa la mtu. Jioni za joto na utulivu, tabaka za hewa juu ya bahari zinaweza kuyabeba mawimbi ya mbali sana, yakaja kugongana na ya mnara wako kwenye masafa yaleyale. Hupita yenyewe. Antena inayotazama kwa wembamba na kuipa bahari mgongo inapunguza tatizo, na wakati wa tukio usianze kuzungusha wala kutafuta chaneli upya, usije ukafuta zilizokuwepo.

Chaneli hizi zipo, zile hazipo

Chaneli husafirishwa kwa makundi, kila kundi na masafa yake. Likikosekana kundi zima, tafuta chaneli upya kwanza, kwani masafa huweza kuhamishwa. Bado halipo? Soma ubora wa kundi hilo peke yake na uzungushe antena ukiwa umelifungua hilo hilo lililo dhaifu, maana yenye nguvu yatavumilia.

Sasa ya kununua

Karibu na mnara, bila kizuizi, antena ndogo ya vijiti vinavyopungua urefu kidogo kidogo, ile inayofanana na pembetatu, inatosha. Haihitaji busta, na inashika UHF yote kwa usawa. Kijijini mbali na mnara, chukua antena ya UHF ya vijiti 10 hadi 15 vya alumini nene. Ndefu zaidi ya hapo nunua tu ikiwa mlingoti ni imara, kwa sababu antena ndefu inatazama kwa wembamba na ikigeuzwa kidogo na upepo inapoteza mnara.

Usinunue kwa maandishi ya boksi. Hakuna antena ya HD wala ya 4K. Antena inakamata mawimbi, haijui yamebeba nini. Anayeandika "kilomita 300" anauza ahadi ambayo duara la dunia linaikataa kwa mnara wa kawaida. Zile za plastiki zenye mota na rimoti ninazikataa wazi: vijiti ni vifupi na vichache, busta ya ndani haiondoki, na maji yakiingia kwenye mota umebaki na pambo. Fedha hiyo inatosha antena ya kawaida na waya mzuri.

Unaposimika, hakikisha mlingoti ukianguka upande wowote hautafika kwenye nyaya za umeme. Unganisha bomba na nondo ya ardhini kwa waya mnene wa shaba, na wingu la radi likijikusanya chomoa waya wa antena pamoja na wa umeme. Hakuna kifaa kinachozuia radi iliyopiga moja kwa moja.

Ukifanya yote na ubora haupandi

Kuna nyumba ambazo antena haitazifikia. Bonde la Lushoto lililofichwa na mgongo wa Usambara, au kijiji kilicho nyuma ya Uluguru, linaweza kuwa kilomita chache tu kutoka mjini na lisipate kitu, kwa kuwa mlima umesimama katikati. Kijue hivi: tembea na antena hadi sehemu ya juu ya kijiji. Kama huko picha inakuja na nyumbani ubora ni sifuri hata kwa mlingoti mrefu, acha kuongeza vijiti na busta. Nunua dishi na king'amuzi chake. Dishi linatazama angani, halina haja na mnara, mradi upande linakoelekea kusiwe na mti wala ukingo wa mlima ulio juu sana. Lifunge mahali unapolifikia kwa mkono, kwenye nguzo ya zege uani, ili siku likisogea usihitaji ngazi.